Kufunga kikuku cha kuvutia kwenye omo ya jetiski: mwongozo kamili

Jetiski (pikipiki ya majini) ikimeza gugumaji katikati ya Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, injini huvuma lakini chombo hakiendi. Itabidi boti nyingine ije ikurushie kamba. Kama omoni, yaani mbele ya chombo, hakuna kikuku (pete ya chuma ya kufungia kamba) cha kutegemewa, kamba itafungwa kwenye usukani au kwenye kishikio cha abiria, na kimojawapo kitang'oka kabla ya kufika ufuo wa Dunga, Kisumu.

Mashine nyingi hutoka kiwandani zikiwa na kikuku. Tatizo huja kwenye mashine za mitumba, ambazo mara nyingi huwa na kikuku kilichopinda au kilichokatwa, au tundu mbili tu zilizojazwa silikoni. Baadhi ya zile zinazoendeshwa kwa kusimama hazina kabisa. Mwongozo huu ni wa kufunga bolti ya U kwenye omo ya faiba, iwe ya jetiski au ya boti ndogo, ili iweze kubeba winchi ya trela, kamba ya kuvutwa na kamba ya kufungia gatini.

Bolti yenyewe ndiyo sehemu rahisi. Kazi yote iko nyuma ya ukuta, mahali ambapo mnunuzi hapaoni na ambapo fundi mwenye haraka hupaacha.

Mzigo wenyewe ni kiasi gani

Jetiski ya watu watatu huwa na kilo 300 hadi 400 bila mafuta. Tangi la lita 70 likijaa linaongeza kilo 50 hivi, na mashine iliyokwama huwa na maji ndani pia. Tuchukue kilo 450. Kuipandisha kwenye mteremko wa nyuzi 15 kunahitaji mvuto wa karibu kilo 120, kabla ya kuhesabu msuguano wa trela na matope ya ufuoni. Mvuto huo si mkubwa. Kinachoua kikuku ni kamba iliyolegea inapokazika ghafla kwa sababu ya wimbi: pigo hilo laweza kuwa mara kadhaa ya mvuto wa kawaida, na wakati wa alasiri, upepo unapoingia kutoka ziwani, mapigo hayo huja moja baada ya jingine hadi mfike.

Bolti ya U yenye unene wa milimita 8 inastahimili hayo. Ukuta wa faiba wa milimita 5 ulioshikwa na washa mbili hauwezi. Washa ya kawaida ya bolti ya milimita 8 ina upana wa milimita 16, kwa hiyo mbili kwa pamoja zinagusa ukuta kwa eneo la sentimita 3 tu za mraba. Bamba la chuma la sentimita 12 kwa 6, likiwekwa nyuma ya ukuta, linasambaza mzigo uleule kwenye sentimita 72. Ndiyo maana bila bamba hakuna kikuku, hata kama bolti ni ya bei gani.

Ijue faiba yako kwanza

Kabla ya kununua chochote, jua omo imeundwa kwa kitu gani, kwa sababu gundi inayoshika kwenye ukuta mmoja haishiki kwenye mwingine.

Boti nyingi zinazojengwa kwa mkono na jetiski nyingi za zamani ni faiba ya kawaida: mikeka ya nyuzi za kioo iliyoloweshwa resini ya poliesta, ikafunikwa kwa jelikoti, yaani tabaka gumu la rangi la nje. Hii hupokea epoksi (resini ya sehemu mbili) vizuri, na poliesta pia ikisuguliwa ipasavyo.

Jetiski nyingi za kiwandani zimefinyangwa kwa joto na shinikizo, nyuzi na resini zikiwa pamoja. Ndani utaona uso laini wa kijivu au mweusi usio na alama za mkeka. Hapa tumia epoksi peke yake. Resini ya poliesta ikipakwa juu yake huonekana imeshika, kisha hubanduka kama ganda baada ya msimu mmoja.

Aina ya tatu ni plastiki ya polipropilini yenye nyuzi za kioo, kama ile ya Sea-Doo Spark. Epoksi haiing'ang'anii, wala poliesta, wala gundi nyingi za kuziba. Kwa mashine hizo usijenge kitu cha kubandika ndani. Kata bamba linalofuata umbo, libanwe kwa bolti peke yake, na uzibe kwa utepe wa butili au gasketi ya mpira. Hatua za kutoboa na kukaza zinabaki zilezile.

Vifaa

Bolti ya U iwe na bamba dogo la nje, lile linalokaa kati ya mikono yake na ukuta. Bila hilo, mabega ya bolti huuma jelikoti kila inapovutwa. Unene ni milimita 8 kwa jetiski. Kwa boti ya mita 5 na zaidi chukua milimita 10. Urefu wa mikono usinunuliwe kwa kukisia. Pima unene wa ukuta, ongeza kabari ya ndani (kipande cha mbao kinachojaza bonde nyuma ya omo), bamba, washa na nati, kisha uache nyuzi mbili au tatu za skrubu zikichungulia nje ya nati. Kwa kawaida hesabu hiyo huangukia kati ya milimita 80 na 100, ilhali bolti zinazouzwa zaidi madukani ni fupi kuliko hapo. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia: fundi akiona bolti haifiki, anaitoa kabari ili nati ishike.

Kuhusu chuma: maji ya Ziwa Victoria, na ya Naivasha pia, hayana chumvi ya bahari, kwa hiyo chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304 kinatosha. Ukipanga kuipeleka mashine Mombasa, nunua 316, ambacho kimeongezwa molibdenamu ili kistahimili chumvi. Sumaku inakusaidia kidogo tu. Ikinata kwa nguvu, hicho si chuma unachotaka. Isiponata, bado haijakwambia kama ni 304 au 316, na kuna madaraja duni ambayo pia hayavutwi. Nunua kwa muuzaji anayeweza kuonyesha alama ya A2 au A4 kwenye bolti na nati. A2 ni familia ya 304, A4 ni ya 316. Bolti za rangi ya dhahabu zilizopakwa zinki ni za mlango na paa, si za chombo cha majini.

Vingine utakavyohitaji:

– Bamba la nyuma la sentimita 12 kwa 6: chuma kisichoshika kutu cha milimita 4, au alumini ya milimita 6. Fundi wa jua kali, Kibuye au kwingineko, atalikata kwa dakika chache. Mwambie azungushe pembe zote nne na alainishe kingo kwa tupa.
– Kipande cha plaiwudi ya majini au cha mvule kwa ajili ya kabari.
– Epoksi, gramu 400 pamoja na hadena yake (dawa ya kuigandisha), na unga wa silika wa kuifanya nzito.
– Kitambaa cha nyuzi za kioo kilichofumwa, nusu mita.
– Nati mbili zenye pete ya plastiki ndani, washa pana mbili.
– Tyubu moja ya gundi ya poliyurethani ya majini, kwa mfano Sikaflex 291.
– Grisi ya kuzuia nyuzi za skrubu kukwama.
– Biti za milimita 3, 5, 8.5 na 12, na biti ya kutanua mdomo wa tundu.
– Msasa namba 60 na 80, asetoni, utepe wa karatasi, nta ya gari, glavu, miwani, barakoa.

Silikoni ya bafuni, ile inayonuka siki, isiingie kwenye kazi hii. Haishiki faiba kwa nguvu, na pale ilipopakwa mara moja hakuna gundi wala rangi itakayoshika tena bila kusugua mpaka chini.

Mahali pa kuweka

Weka trela na mashine kwenye ardhi iliyosawazika. Kikuku kikae kwenye mstari wa katikati wa omo, bolti ikiwa wima: tundu moja juu ya jingine. Omo ina umbo la V, na kwenye ncha ya V ndipo tabaka za faiba zilipokutana, kwa hiyo ukuta ni mnene zaidi hapo.

Urefu wake unaamuliwa na mambo matatu. Kiwe juu ya maji mashine ikiwa imetulia na watu wawili juu yake. Kikae chini kidogo ya gurudumu la mpira la nguzo ya winchi, ili mashine ikivutwa kabisa, gurudumu lizuie omo isirukie juu. Na kiwe mbali na kiungo cha sitaha na tumbo, angalau sentimita 5. Kiungo hicho kimegandishwa kwa gundi na mvuto wa pembeni unakifungua.

Kisha ingia ndani. Fungua kifuniko cha mbele, toa ndoo ya mizigo, umulike kwa tochi. Tangi la petroli mara nyingi limekaa mbele, na humo mnapita mipira ya hewa, nyaya na kebo ya usukani. Pima kutoka ndani na kutoka nje ukitumia alama moja ambayo unaiona pande zote mbili, kama vile mdomo wa kiungo cha sitaha. Kama mkono na spana havifiki nyuma ya alama yako, badilisha mahali sasa. Nati usiyoweza kuifikia haitakazwa tena kamwe.

Ukikuta povu gumu la kuelea, likate kwa kisu eneo la bamba tu na ulihifadhi kipande. Povu lililolowa maji huwa zito likishikwa mkononi. Hilo tupa na utie jipya, maana halielei tena.

Petroli kabla ya drili

Hatua hii haina njia ya mkato. Chomoa betri, waya hasi kwanza. Acha kifuniko na kiti wazi kwa saa moja au zaidi, mashine ikiwa nje, si ndani ya banda. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hukaa chini kwenye ngama, yaani sakafu ya ndani ya chombo, kwa hiyo usinuse juu ukaridhika, inama. Ukisikia harufu, tafuta mpira unaovuja ukaurekebishe siku hiyo, kikuku kitasubiri. Drili ya betri ni bora kuliko ya waya, lakini nayo hutoa cheche.

Funga kitambaa kinene mbele ya tangi, na kwenye kila biti zungushia utepe sentimita 2 kutoka ncha ili ujue pa kusimama.

Fanya kazi asubuhi. Kisumu mvua ya radi hupenda kuja alasiri, na faiba yenye unyevu haipokei epoksi.

Kutoboa

Bandika utepe wa karatasi kwenye omo na uchore alama juu yake. Utepe huzuia biti kuteleza na hupunguza kuchanika kwa jelikoti.

Tundu mbili lazima ziwe sambamba, na kwenye uso wa omo uliopinda jicho linadanganya. Tengeneza kigezo: kipande cha mbao ngumu chenye unene wa sentimita 4, kilichotobolewa kwenye drili ya kusimama ya karakana, tundu mbili zenye umbali uleule wa mikono ya bolti yako. Pima kutoka katikati ya mkono mmoja hadi katikati ya mwingine. Kishike kigezo kwenye omo na kitaongoza biti. Tundu zikipishana hata milimita 2, utalazimika kupiga bolti kwa nyundo ili iingie, na itaingia ikiwa imebana faiba upande mmoja.

Anza na biti ya milimita 3. Zungusha kinyume kwa mizunguko michache mpaka jelikoti ikwaruzwe, kisha mbele, polepole, bila kusukuma. Angalia ndani: imetokea ulipotaka? Ikiwa imekosea, tundu la milimita 3 linazibwa kwa tone la epoksi. Ikiwa sawa, nenda 5, halafu 8.5. Msaidizi ashike kipande cha mbao upande wa ndani ili biti isirarue nyuzi inapotoka.

Vumbi la faiba huwasha ngozi na si la kuvutwa mapafuni. Vaa mikono mirefu na barakoa, na uoge kwa maji baridi ukimaliza.

Mwisho tumia biti ya kutanua: kila tundu lipate mdomo wa nyuzi 45 upande wa nje, kina cha milimita 2. Mdomo huu una kazi mbili. Unaondoa ukingo mkali ambao nyufa za jelikoti huanzia, na unatengeneza nafasi ya gundi kukaa kama pete ya mpira kuzunguka mkono wa bolti. Ukiuacha, ukikaza bolti gundi yote hutoka na kinachobaki ni karatasi nyembamba.

Kabari na bamba

Nyuma ya omo kuna bonde la V. Bamba lililonyooka likiwekwa juu ya bonde hilo linagusa kingo mbili tu, na ukikaza, kuta zinasukumwa nje. Kwa hiyo bonde linajazwa kwanza.

Chonga kabari ya plaiwudi au mvule yenye umbo la bonde, upande wa ndani ukiwa bapa na upana wa kupokea bamba. Haihitaji kukaa sawasawa kabisa. Pengo la milimita 3 hadi 5 litajazwa na epoksi. Kujaza bonde zima kwa epoksi tupu ni kosa: kwa wingi huo epoksi hujipasha moto yenyewe, hutoa moshi, na ikipoa hupasuka. Mvule una mafuta ya asili, basi ufute kwa asetoni na uungoje ukauke kabla ya kuupaka.

Kwenye kabari, toboa tundu za milimita 12, si 8.5. Ziba upande mmoja kwa utepe, zijaze epoksi nzito, ngoja igande, kisha toboa upya kwa 8.5 katikati. Sasa bolti inapita ndani ya mrija wa epoksi na haigusi mbao popote. Siku gundi ya nje itakapochoka, maji hayatapata mbao ya kuozesha. Hatua hii inachukua siku nzima ya ziada, na ndiyo inayotofautisha kikuku cha miaka miwili na cha miaka kumi na tano.

Sugua ndani ya omo kwa msasa namba 60 mpaka uso wote upoteze mng'ao, sentimita 8 kuzunguka mahali pa kabari. Futa kwa asetoni kwa kitambaa safi, ukigeuza kitambaa kila mara. Kufuta kabla ya kusugua pia kunasaidia, maana msasa ukikutana na nta au grisi unaisukuma ndani ya mikwaruzo.

Changanya epoksi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, na uangalie kama ni kwa uzito au kwa ujazo, kwani hesabu hizo mbili hazifanani. Kuongeza hadena hakuiharakishi epoksi, kunaiharibu. Itabaki laini milele. Huo ni mwiko ambao mafundi waliozoea poliesta huuvunja, kwa sababu kwenye poliesta hadena huongezwa na kupunguzwa kulingana na joto. Joto la mchana la Kisumu hufupisha muda wa kufanya kazi sana. Kila nyuzi joto 10 za ziada huupunguza kwa karibu nusu. Changanya gramu 150 kwa wakati, uimwage kwenye chombo kipana badala ya kikombe kirefu.

Paka epoksi nyepesi kwanza kwenye mbao na kwenye ukuta. Kisha ongeza unga wa silika mpaka ikae kama siagi ya karanga, ipake kwenye kabari na uisukume mahali pake. Ili tundu zilingane, pitisha bolti iliyopakwa nta mara mbili, ukaze nati kwa vidole tu mpaka epoksi ichomoze pembeni. Hiyo iliyochomoza ilainishe kwa kidole chenye glavu iwe na mkunjo laini kati ya kabari na ukuta. Baada ya saa chache, epoksi ikiwa ngumu kiasi cha ukucha kuacha alama, chomoa bolti.

Siku ya pili sugua na ufunike kabari kwa tabaka tatu za kitambaa kilichofumwa, kila tabaka likizidi la chini yake kwa sentimita 2.5. Usitumie mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa pamoja na epoksi. Mkeka huo umeshikanishwa kwa gamu inayoyeyushwa na kemikali iliyomo kwenye resini ya poliesta. Epoksi haina kemikali hiyo, kwa hiyo mkeka haulegei wala haulowi vizuri, na unabaki na hewa ndani. Ikiwa ukuta ni wa faiba ya kawaida na umeamua kutumia poliesta na mkeka, hadena iwe mililita 10 kwa kilo ya resini siku ya joto, na macho yalindwe. Hadena hiyo ikiingia jichoni huleta upofu. Wala isichanganywe moja kwa moja na dawa ya kobalti ya kuharakisha resini, kwani hulipuka.

Tabaka zikigandamana, toboa tena kupitia tundu za nje.

Kuziba na kukaza

Jaribu kwanza bila gundi. Bolti, bamba la nje, kabari, bamba la ndani, washa, nati: kila kitu kikae bila kulazimishwa. Kama bamba la ndani ni la alumini, lipake gundi upande unaogusa kabari na chini ya washa, ili metali mbili tofauti zisigusane kwenye unyevu.

Zungushia utepe kuzunguka bamba la nje. Futa kwa asetoni. Weka gundi kwenye midomo ya tundu, kwenye shingo ya kila mkono, na chini ya bamba la nje lote. Ndani usizibe, isipokuwa gundi ile ya bamba la alumini. Wengi hupaka pande zote mbili wakidhani ni usalama zaidi, lakini maji yakipenya nje na kukuta ndani kumezibwa hukaa humo yakila. Ndani pakiwa wazi, utaona tone na utajua.

Paka grisi kwenye nyuzi za skrubu. Nati na bolti za chuma kisichoshika kutu zikizungushwa haraka hupata joto, nyuzi hung'ang'aniana na kuungana kana kwamba zimechomelewa, na hapo dawa ni msumeno. Tumia spana ya mkono, polepole. Ukihisi nati imekuwa ngumu ghafla, simama, irudishe, ongeza grisi.

Kaza kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu kule, mpaka gundi ichomoze kuzunguka bamba lote la nje. Simama hapo. Gundi ibaki na unene wa milimita 1 hivi. Toa utepe kabla gundi haijaanza kufanya ngozi juu. Baada ya saa 24 rudi ukamilishe: Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 12 hadi 15 kwa bolti ya milimita 8, karibu 25 kwa milimita 10. Bila spana ya kupima, kwa bolti ya milimita 8 shika spana fupi ya sentimita 15 na uvute kwa nguvu ya kiganja, si ya bega. Nati zenye pete ya plastiki zikishafunguliwa zisirudiwe, nunua mpya.

Gundi ya poliyurethani hukauka kwa unyevu wa hewa, kutoka nje kwenda ndani, takriban milimita 3 kwa siku. Siku tatu zipite kabla ya mashine kuingia majini, na wiki moja kabla ya kuvutwa.

Jaribio

Mwagia maji ya mpira kwenye omo kwa dakika kumi, kisha papasa ndani kwa karatasi kavu ya tishu. Halafu funga winchi na uvute mashine kwenye trela, trela ikiwa imezuiwa kwa mawe, msaidizi akitazama ndani kwa tochi. Bamba lisisogee, na kusiwe na mlio wowote. Mlio mkavu wa kupasuka unamaanisha kabari haikushika ukuta. Fungua, sugua, rudia. Watu wasisimame kwenye mstari wa kamba wakati huo. Kamba ya nailoni hunyumbuka, na kikuku kikitoka kinarushwa nayo.

Nyufa nyembamba zinazotawanyika kutoka kwenye tundu baada ya wiki chache zina sababu tatu: umekaza mno, mdomo wa tundu haukutanuliwa, au bamba halikai bapa. Angalia bamba kwanza. Michirizi ya kahawia chini ya kikuku ni chuma duni, au ni vumbi la grainda lililoangukia juu yake. Futa, na ikirudi baada ya mwezi, bolti ibadilishwe. Nati zikilegea kila mara bila bolti kusogea, kabari inabonyea: mbao ilikuwa laini au imelowa.

Kikiwa kazini

Kuvuta jetiski iliyozimika si sawa na kuvuta mtumbwi. Maji husukumwa kupitia mdomo wa kunyonyea hadi kwenye mfumo wa kupoza, na kwa kuwa injini haifanyi kazi kuyatoa, yanaweza kujaa kwenye ekzosi na kuingia kwenye silinda. Miongozo ya watengenezaji kadhaa inaweka kikomo cha kilomita 8 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Soma ya mashine yako, na kama inaruhusu kubana mpira wa maji ya kupoza, beba kibanio chake kwenye ndoo ya mizigo. Kiondoe kabla ya kuwasha injini.

Kamba iwe ya nailoni ya milimita 10, urefu wa mita 8 au zaidi, ili inyumbuke na kumeza mapigo ya mawimbi. Kamba ngumu za polipropilini zinazouzwa kwa wavuvi zinaelea, jambo ambalo ni zuri karibu na propela, lakini hazimezi pigo vizuri na jua huzila. Boti inayovuta ifunge kwa namna inayofunguka kwa mkono mmoja.

Barabarani kikuku kinazuia mashine isiteleze nyuma, basi. Hakizuii mkia kuruka. Ukiivuta kutoka Kisumu kwenda Naivasha, funga mikanda miwili nyuma, na mbele ongeza mnyororo kutoka kwenye kikuku hadi kwenye trela yenyewe, kando na mkanda wa winchi. Ukifika, kabla ya kuishusha majini, gusa nati zote mbili kwa spana.